Sifa ya Mdomo na Sifa ya Papa

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia nimezungumza nawe kwa upole, kama mzee anavyozungumza na mgeni wake barazani. Leo niwie radhi. Leo nimekuja kugomba, na mtu wa kwanza ninayemgombeza ni mimi mwenyewe.

Kisa chenyewe ni mashua ndogo ya mbao, ambayo urefu wake haufiki sentimita 60. Mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi nayo siku ya kufunga shule, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Ilikuwa mashua ya kupendeza: ubavuni mstari wa buluu na mweupe, mlingoti umenyooka, tanga la kitambaa cha marekani, na nyuma imeandikwa jina kwa rangi nyekundu. Mwalimu aliipa alama 18 kati ya 20. Nilimpongeza mtoto, kisha nikamwambia, "Haya, bwana nahodha, lete beseni tuiteremshe majini." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa atose daftari lake kisimani. Mama yake, binti yangu, akajibu kutoka jikoni: "Baba, hiyo ni ya kuonyesha tu. Si ya kutia majini."

Ya kuonyesha tu! Nimefundisha miaka mingi, nimesikia maneno mengi ya kuudhi kutoka kwa wanachuo, wakaguzi na wazazi, lakini sikumbuki neno lililonichoma kama hilo. Mashua isiyotiwa majini ni kitu gani? Ni sanduku lenye ncha mbili.

Tuliitia majini. Nilimwomba mwenyewe ruhusa, naye akanipa kwa shingo upande. Dakika ya kwanza ilielea vizuri. Dakika ya tatu ilianza kuinamia kushoto. Baada ya dakika kumi hivi maji yalikuwa yamejaa ndani, mashua ikalala ubavu, na tanga likalowa. Haikuzama hadi chini, maana ubao ni ubao, lakini chombo kilicholala ubavu hakimfikishi mtu popote. Tulipoikausha na kuikwangua rangi, tukakuta chini yake ufa ambao ungemeza ukingo wa sarafu, umeshindiliwa unga wa plasta uliokorogwa kwa maji na kupakwa rangi juu. Ule unga ulikuwa umelainika kama uji. Hapo ndipo mtoto alipokiri kwamba mashua hakuiunda yeye. Ilinunuliwa kwa fundi wa mtaani, kwa sababu mwalimu alisisitiza kazi iwe na rangi za kuvutia.

Sikumkasirikia mtoto. Sikumkasirikia fundi pia, kwani yeye aliuza kilichotakiwa. Nilitaka kumkasirikia mwalimu, nikashindwa, na sababu yake utaiona mbele.

Mimi nilikulia karibu na mlango wa mto Pangani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kalafati. Hakuwa fundi wa kuunda chombo, na hilo nalisema wazi kwa kuwa watu huchanganya. Fundi wa kuunda alilaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, na mji mzima ukamsifu. Mjomba alikuja baada ya sifa hizo kwisha. Kazi yake ilikuwa kupita mshono baada ya mshono, kutoka gubeti hadi shetri, amelala chali mchangani chini ya tumbo la chombo. Aliisokota pamba iliyolowa mafuta ikawa kama utambi, akaitia katikati ya mbao mbili, kisha akaigonga kwa chembeu, ile patasi butu ya kalafati, na nyundo ya mbao. Aligonga huku akisikiliza. Mshono uliojaa una sauti yake, na mshono wenye pengo una sauti nyingine.

Nilimuuliza siku moja, "Mjomba, mbona huitii pamba mpaka ikafurika?" Akanijibu, "Mpwa wangu, ubao nao una pumzi. Ukiusakama leo, kesho akinywa maji atakusukuma." Nilikuja kulielewa neno hilo chuoni, niliposoma kwamba ubao mkavu ukifyonza maji huvimba kwa upana wake, na kwa urefu hauvimbi ila kidogo mno. Ndiyo maana chombo kilichokaa juani hufunguka mishono, na kikirudishwa majini mbao hukutana tena. Pamba ikizidi, mbao zinazovimba husukumana hadi misumari inalegea. Mjomba hakusoma hata darasa moja, lakini hesabu hiyo alikuwa nayo mikononi.

Baada ya kalafati, sehemu inayokaa chini ya maji ilipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Mbao za juu zilipakwa sifa. Sifa, ndugu msomaji, ni mafuta yatokanayo na ini la papa. Kijana wa leo anajua sifa ya aina moja tu, ile ya kusifiwa. Sisi wa pwani tulikuwa na sifa mbili. Moja hutoka midomoni mwa watu, nyingine hutoka katika ini la papa. Ya kwanza inanukia, ya pili inanuka mpaka mtu hula chakula chake upande wa upepo. Lakini chombo kilichopakwa ile inayonuka mbao zake hazikupasuka kwa jua, na kilichopakwa ile inayonukia kilibaki vilevile kilivyokuwa.

Neno hilo si la wavuvi peke yao. Limo hata katika Biblia ya Kiswahili, katika kisa cha Musa mchanga, pale mama yake alipokiziba kile kisafina kabla ya kukiweka mtoni. Na Nuhu, kwa mujibu wa kitabu cha Mwanzo, aliagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Zingatia hayo: ndani na nje. Nje macho ya watu yanafika. Ndani anayafikia Mungu na maji.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi na mkuu wa idara ya kazi za mikono katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Ukuu wa chuo ulinijia baadaye. Tulikuwa tukijivunia kwamba tunatekeleza Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967, na kila mwaka tulifanya maonyesho ya kazi za wanachuo. Mwaka huo niliwapa kazi ya kuunda mashua ndogo. Mimi ndiye niliyeandika vigezo vya kusahihisha: umbo alama 5, vipimo 5, umaliziaji 5, mvuto 5. Jumla 20. Isome tena orodha hiyo, ndugu msomaji, uniambie maji yako wapi. Mpwa wa fundi kalafati aliandika vigezo vya mashua bila kutaja maji!

Mashua ya mwanachuo mmoja ilikuwa nyeupe, inang'aa kama sahani. Nikaipa 19. Mwanachuo mwingine, kijana mpole aliyetoka upande wa delta ya Rufiji, alileta mashua nyeusi nyeusi, haina rangi, pamba imetokeza katika mishono miwili, nayo inanuka sifa. Alikuwa ameyapata mafuta hayo kwa wavuvi. Wenzake walicheka. Mimi nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko lolote. Niliamuru itolewe ukumbini isije ikamkera mgeni rasmi. Umaliziaji nikampa 1, mvuto sifuri. Jumla alipata 8, akawa ameanguka katika kazi ile.

Mgeni rasmi alipofika mbele ya ile mashua nyeupe aliuliza swali ambalo angeliuliza mtoto yeyote: "Inaelea?" Nikajibu, "Bila shaka, mheshimiwa." Akataka kuona. Tukaibeba hadi kwenye birika la kufulia nyuma ya bweni, umati mzima nyuma yetu. Sina haja ya kukueleza yaliyotokea, kwani umekwisha kuyaona katika beseni la binti yangu. Mgeni akatabasamu kwa adabu, akasema wanachuo wamejitahidi. Ndipo mpishi wa chuo, mtu wa Kilwa, akasema kwa sauti, "Ile ya yule kijana iko nyuma ya jiko. Ileteni." Ikaletwa. Ikaelea. Mgeni aliondoka, wanachuo wakala, kengele ya jioni ikapigwa, nayo bado ilikuwa inaelea. Nilikwenda peke yangu usiku na tochi, nikatia kidole ndani, nikakuta pakavu.

Asubuhi yake nilikuwa na nafasi ya kuzibadili alama. Sikuzibadili. Orodha ilikwisha kutiwa sahihi, nami nilijiambia kwamba kuibadili kungeshusha heshima ya idara. Heshima ya idara! Niliziba ufa kwa rangi, kama yule kijana wa mashua nyeupe, isipokuwa yeye aliziba ubao na mimi niliziba dhamiri.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karibu kustaafu, nilikutana na yule kijana wa Rufiji katika semina ya walimu. Ameota mvi. Alinisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo, Mkuu." Nikaitika, nikamuuliza kama bado anafundisha kazi za mikono. Akasema, "Hapana, Mkuu. Mimi nafundisha Uraia. Kazi za mikono niliziacha palepale chuoni." Hakusema zaidi, wala sikuwa na la kumuuliza. Watoto wa shule zote alizopita walikosa fundi kwa sababu yangu. Na yule aliyepata 19? Yeye alifundisha ufundi hadi alipostaafu. Je, mwalimu wa mjukuu wangu alifundishwa na nani? Huenda na mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Ndiyo maana nilishindwa kumkasirikia.

Sasa nawajia wale watakaonipinga, maana nawajua na hoja zao nazijua.

Wa kwanza watasema: mzee, hiki ni kitu cha kuchezea, unakifanyia makeke ya nini? Nawajibu hivi. Watoto wa pwani hawakuwahi kuunda mashua za kuonyesha. Walizichonga kwa msufi na mwembe, wakazishindanisha kwenye maji ya kupwa, na mashua iliyovuja ilimwaibisha mwenyewe mbele ya rika lake. Hapo hapakuwa na mwalimu wala alama. Maji ndiyo yaliyosahihisha, nayo hayaangalii mtoto ni wa nani. Sisi tulioleta alama ndio tuliokigeuza kitu cha mchezo kuwa pambo la kabati, halafu tunalalamika kwamba watoto hawana ari ya kazi.

Wa pili watasema: vyombo vya mbao vinakwisha, siku hizi ni boti za faiba, kalafati ya nini? Ni kweli boti za faiba zimeenea. Lakini mimi sitetei pamba, natetea tabia ya kutafuta tundu kabla ya bahari haijalitafuta. Faiba nayo hupasuka. Paa la bati huvuja, tangi la maji huvuja, bomba la shule huvuja. Mtoto aliyefundishwa kupaka rangi juu ya ufa wa mashua hatabadilika siku atakapokabidhiwa daraja. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tuupake rangi.

Wa tatu ni watu wa rika langu, nao hawa hunichosha kuliko wote. Watasema: naam, turudi kwenye sifa na deheni, vya kale ni dhahabu. La hasha! Papa wanapungua baharini, na sitamshauri mtoto yeyote atafute ini la papa kwa ajili ya mashua ya sentimita 60. Gundi ya mirija miwili inayochanganywa ndiyo ikakauka ni bora kuliko chochote alichokuwa nacho mjomba, na angaliipata angaliitumia bila kusitasita. Ukale wa dawa si hoja. Hoja ni kama dawa imejaribiwa.

Wa nne watasema shule hazina vifaa. Hapa nitawaomba wanivumilie kidogo nieleze kazi yenyewe, wapate kuona ni vifaa gani hasa vinavyohitajika.

Chukua mashua ya ubao mkavu, bado haijapakwa kitu. Ipige msasa. Wazee waliita hivyo kwa sababu walitumia majani ya mti wa msasa, nayo bado yapo porini bure. Kisha mimina maji ndani ya mashua, uiweke juu ya gazeti kuukuu. Usitie mashua katika maji, tia maji katika mashua. Palipo na tundu, gazeti litalowa, nawe utapaweka alama kwa penseli. Jaribio hili halina gharama hata senti moja, na katika miaka yangu yote ya ukufunzi sikumwona mwanachuo hata mmoja akilifanya kabla sijamwonyesha. Nami sikumwonyesha mtu kabla ya mwaka 1986.

Iache ikauke kivulini siku kadhaa. Jua kali litakuongezea nyufa. Ufa mpana uzibe kwa kijiti cha ubao uleule, kilichochongwa kufuata nyuzi za ubao na kutiwa gundi. Ufa mwembamba uzibe kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi isiyoyeyuka majini. Gundi nyeupe ya karatasi haifai, kwani ikilowa hulegea. Unga wa plasta hufyonza maji, na matokeo yake nimekwisha kuyaeleza. Kikauke, kisha piga msasa tena.

Ndipo uje kwenye vanishi. Mkono wa kwanza uzimuliwe kwa tapentaini ili uzame ndani ya ubao badala ya kukaa juu yake. Paka ndani na nje, kama Nuhu. Ncha za mbao, mbele na nyuma, zipakwe mara mbili, kwa sababu ubao hunywa maji kwa ncha zake haraka kuliko kwa ubavu. Mtu akipaka nje tu, maji yatakayoruka na kuingia ndani yatauvimbisha ubao, na ubao ukivimba utaisukuma rangi ya nje mpaka ipasuke. Acha ikauke, piga msasa laini, rudia mkono wa pili na wa tatu, kila mmoja mwembamba. Kisha itie majini na uzito wake ndani, iache saa nzima. Ikitoka kavu, hapo sasa paka rangi uitakayo, hata ya dhahabu.

Basi vifaa ni hivi: majani ya msasa, gazeti, vumbi la msumeno, gundi, kopo dogo la vanishi, na beseni. Shule inayopata rangi tatu za mapambo haishindwi kupata kopo la vanishi. Tunachokosa ni subira na ujasiri.

Na tukizungumzia vanishi, kuna jambo ambalo kila mtoto wa pwani alipaswa kulijua. Katika karne ya 19 ardhi yetu ya Mrima ilikuwa ikichimbwa sandarusi, ule utomvu mkavu uliokaa ardhini miaka na miaka. Ulipelekwa Unguja, ukapakiwa katika merikebu za Wamarekani, hasa za mji wa Salem, na nyingine za Ulaya. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Huko sandarusi iliyeyushwa kuwa vanishi bora ya samani na magari ya farasi. Merikebu hizohizo zilituletea kitambaa, ndicho kile tulichokiita marekani, kilichokuwa tanga la mashua ya mjukuu wangu. Tulitoa kinachozuia maji, tukapokea kitambaa. Simlaumu mtu kwa biashara ya zamani. Lakini nchi iliyowahi kuzitilia nchi nyingine vanishi haina udhuru wa kulea watoto wasiojua vanishi ni ya kazi gani.

Haya si ya mashua peke yake, na umekwisha kulitambua hilo. Nimekagua maandalio ya somo yaliyopigiwa mistari kwa wino mwekundu, na darasani mwalimu hakufundisha chochote. Nimeona mawe ya njia ya shule yakipakwa chokaa siku tatu kabla ya mgeni kufika, na choo cha wasichana hakina mlango. Nimempokea kijana mwenye cheti cha darasa la saba aliyeshindwa kunisomea jina langu mlangoni. Cheti kile kilikuwa rangi. Chini yake palikuwa na ufa wa miaka saba, na kila mwalimu aliyempitisha darasa alijua, akapaka, akampa wa mbele yake.

Nasema haya sasa kwa sababu maalumu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari zetu. Nimefurahi, tena sana. Tulipoanza mwaka 1967 nasi tulifurahi. Lakini nawaonya walioshika kalamu ya vigezo: andikeni maji. Msipoyaandika maji, mtapata maonyesho mazuri ajabu, wazazi watanunua kazi kwa mafundi, walimu watagawa 18 na 19, na vijana wenye mikono ya kweli watakwenda kufundisha Uraia. Katika kila alama 20, alama 10 zitolewe na kazi yenyewe ikiwa kazini: mashua majini, kiti kikiwa kimekaliwa, jiko likiwa na moto, nguo ikiwa imefuliwa mara tatu. Na mwanafunzi atakayekuja kusema, "Mwalimu, yangu inavuja hapa na hapa, nimejaribu hiki kikashindikana," apewe alama kwa kusema hivyo. Huyo ndiye fundi. Yule asiyejua kazi yake inavuja wapi bado hajaanza kujifunza.

Mashua ya mjukuu wangu tumeikwangua yote. Imekaa barazani, haina rangi, imejaa alama za penseli. Yeye mwenyewe alichonga kijiti cha kuziba ule ufa mkubwa, kikamkatalia mara mbili, cha tatu kikaingia. Mama yake anasema imekuwa mbaya. Ni kweli, imekuwa mbaya. Jumamosi iliyopita iliwekwa majini kabla ya chakula cha mchana, na tulipomaliza kula mtoto alikimbia kutia kidole ndani, akarudi amekinyanyua kidole kikavu tukione sote.

Na wewe, mwalimu uliyetoka Rufiji, kama kitabu hiki kidogo kitakufikia: mashua yako ilielea tangu saa nne asubuhi hadi usiku, nami niliitia kidole nikaikuta kavu. Nilipaswa kulisema hilo siku ya pili mbele ya chuo kizima. Nalisema leo, nikiwa na miaka 76. Alama zako zilikuwa 20 kati ya 20. Niwie radhi kwa kuchelewa.

Walimu wenzangu mlio kazini, siku ya maonyesho msitandike meza kwa vitambaa kwanza. Wekeni beseni, mlijaze maji, ndipo mumwite mgeni rasmi.